Mhehe Asiyejibu

Siku Leokadia alipofariki, miwani yake ilijua kabla ya ndugu zake.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi ya Mafinga imegandisha umande juu ya majani ya viazi. Baada ya chai mke wangu alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akajifunga shali, akavaa miwani. Mimi nilitoka kuchanja kuni. Niliporudi nilimkuta ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani. Sikushangaa. Mtu aliyevaa huwa hivyo; mwili unabaki kwenye kiti, mwenyewe yuko mbali. Nikadhani ameinamia sufuria yake huko ndani ya gemu. Nikawasha jiko polepole nisimshtue, nikabandika maji.

Kisha nikaona taa ndogo iliyo pembeni mwa miwani. Haikuwa ya kijani. Ilikuwa ya manjano.

Nieleze hapa, maana naandika ili nisisahau, na wajukuu wetu watakaposoma huenda watakuwa na vyombo vingine. Taa ya kijani maana yake mwenyewe amevaa na yuko ndani. Taa ya manjano maana yake mwenyewe hayupo, Kivuli kimekaa mahali pake. Gemu za hadithi za siku hizi huchezwa na watu wengi kwa miaka, kila mmoja nyumbani kwake, na mmoja akiugua au akisafiri wenzake wangekwama. Kwa hiyo gemu humsoma kila mchezaji: anavyotembea, anavyocheka, maneno anayoyapenda. Akiondoka, Kivuli chake huamka na kumshikia nafasi mpaka arudi. Kinatumia sauti yake. Kinajua majina ya watu wake.

Leokadia alikuwa kwenye kiti mbele yangu, shali mabegani, na taa ilisema hayupo. Nikamgusa shingo. Taa ilikuwa imesema kweli.

*

Alipenda gemu tangu akiwa msichana Ifunda, enzi zile zilipochezwa kwa vidole kwenye kioo cha simu. Za kupigana hakuzitaka. "Nimpige mtu nisiyejua mama yake ni nani?" alikuwa akisema. Alitaka zenye hadithi. Miwani ilipokuja, ile ambayo vitabuni wanaiita uhalisia pepe na sisi tukaiita tu kuvaa, alikuwa mama mtu mzima, na watu kanisani walimcheka. Hakujali.

"Filamu inakupitisha mlangoni utake usitake," aliniambia mara moja tukimenya viazi. "Gemu inakungoja. Unaweza kusimama mlangoni ukasema, mimi bado. Na wote waliomo wanasimama na wewe. Kitu gani kingine duniani kinakungoja hivyo, Baba Oliva?"

"Mimi," nikasema.

Akanirushia ganda la kiazi.

Na kweli alikuwa akisimama mlangoni. Hakumaliza hata gemu moja. Akifika pale ambapo hadithi imebakiza hatua ya mwisho, alitafuta sababu ya kuchelewa. Alisema hadithi ikifungwa, waliomo hawana pa kwenda. Wenzake wakishachoka kumsubiri alivua miwani, akajitoa kabisa, yeye na Kivuli chake, ili wao wapite, akakaa siku nzima amenuna kama aliyetoka kumsindikiza mtu stendi. Kisha alianza hadithi nyingine.

Hiyo ya mwisho ilihusu msafara. Ziwa limefurika, mji umezama, watu wanapanda mlimani na magodoro na kuku wao kwenda kwenye mji mpya. Kila msafiri ni mchezaji mahali fulani. Leokadia alikuwa mpishi wa msafara. Kuna lango mwisho wa njia, na sheria ya gemu ni kwamba lango halipitiki mpaka wasafiri wote waseme, "Twende." Alipofariki, msafara ulikuwa umeshaliona lango.

*

Msiba wetu ulikosa mtani.

Watu walikuja wengi. Waliimba, walipika, walinisimamia vizuri. Lakini sisi ni Wahehe, na Mhehe hazikwi kwa machozi matupu. Lazima awepo Mngoni wa kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kuzuia jeneza mlangoni na kumtukana mpaka waliofiwa wacheke. Mtani wa Leokadia alikuwa Gaudensia Mapunda wa Songea. Walikutana ndani ya gemu, wakagundua makabila yao kabla ya majina, wakatukanana miaka na miaka. Gaudensia alikuwa amevunjika nyonga, amelazwa. Oliva, binti yetu, alimpigia simu kumpa habari. Gaudensia akamjibu neno moja tu, "Najua," na akaanza kulia.

Tukadhani kuna mtu aliyemtangulia kumwambia.

Basi tukazika, kila mtu akiwa na heshima zake. Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kifuani kama chakula kilichokataa kushuka.

Oliva alipokuwa akikusanya vitu vya mama yake kabla ya kurudi Dodoma, alining'iniza miwani kwenye msumari wake. Taa ilikuwa bado ya manjano.

"Baba, hii tuizime?"

"Iache."

Akaniangalia, akaiacha.

*

Tulikuwa na miwani ya pili, ya mgeni, aliyoitumia Oliva akiwa sekondari. Mgeni si msafiri wala hana sauti katika mambo ya msafara. Anakaa tu na kutazama, anaongea akitaka. Leokadia akiwa hai alinivalisha mara kadhaa, nikawa nakaa kando ya moto wake, nikisikia kizunguzungu.

Alasiri moja, nyumba ikiwa kimya mno, niliivaa.

Alikuwa pale. Amekaa juu ya jiwe, kitambaa cha kichwa kimeenda upande kama kawaida yake, mwiko mkononi. Nyuma yake mlima, na juu ya mlima lango jeupe. Aliinua uso.

"Baba Oliva! Umekuja na matope. Futa miguu."

Miguu ya mgeni haina matope. Nikafuta.

"Onja chumvi," akasema, akaninyooshea mwiko.

Ndani ya gemu hakuna ladha. Tulikuwa tukicheza mchezo huo: ananipa mwiko, mimi naonja hewa, nasema imekolea.

"Imekolea," nikasema, na ikabidi nivue haraka, maana miwani ilijaa maji.

Kesho yake nikarudi. Na kesho yake. Nilikuwa nikimaliza kunoa misumeno ya watu wa mbao, kazi iliyonibakia uzeeni, naosha mikono, navaa. Nilikuwa najua kuwa ni Kivuli. Sikuwa nimechanganyikiwa. Mtu anaweza kujua kwamba picha ukutani ni karatasi na bado akaisalimia.

Tatizo lilikuwa swali. Waendeshaji wa gemu wana sheria: Kivuli humshikia nafasi mtu anayetarajiwa kurudi tu. Kwa hiyo kila baada ya muda maandishi yalitokea mbele ya macho yangu, mimi mtu wa nyumbani kwake: *Je, Leokadia anarudi?* Chini yake, Ndiyo na Hapana. Nikibonyeza Ndiyo, Kivuli kinaendelea. Nikibonyeza Hapana, kinaondolewa hapohapo na hakiwezi kurudishwa.

Nilibonyeza Ndiyo. Kila mara.

Ingekuwa kwangu peke yangu, labda ningebonyeza hivyo mpaka nami nife. Lakini wasafiri walikuwepo. Kulikuwa na mzee wa Kigoma, Bwana Ntahondi, ambaye katika msafara alibeba milango miwili ya nyumba yake iliyozama. Siku moja alikuja mpaka kwenye moto, akaiweka milango yake chini.

"Mama, twende?" akauliza.

"Tukae kidogo," Kivuli kikamjibu kwa sauti yake ile tamu. "Maharage hayajaiva."

"Hayajaiva tangu kipupwe, Mama."

"Tukae kidogo. Maharage hayajaiva."

Bwana Ntahondi aligeuka akanitazama mimi, mgeni niliye kando. Hakunilaumu. Aliibeba milango yake akarudi kukaa na wenzake. Hapo ndipo nilipoelewa. Leokadia aliye hai, watu wakichoka, alivua miwani akawapisha. Kivuli kilikuwa kimejifunza kuchelewa kwake kote. Kujitoa hakikujifunza, kwa kuwa gemu humsoma aliyevaa tu, naye alijitoa akiwa ameshavua.

Nilijua jambo la kufanya. Swali lilipokuja tena, nikabonyeza Ndiyo.

*

Gaudensia alifika asubuhi, hakupiga hodi. Niliona kwanza gongo likiingia mlangoni, kisha yeye mwenyewe, mnene, mfupi, koti la mvua mgongoni.

"Kamwene!" akanisalimia kwa Kihehe cha kuigiza. "Nimetoka stendi mpaka hapa, mbwa wa Mafinga wote wamelala barabarani mchana kweupe, wamejinyoosha. Nikawauliza, kulikoni? Wakasema, Leokadia amekufa, sasa tunapumzika."

Nilimsogezea kiti. Wangoni hututania hivyo tangu zamani, kwamba Wahehe tunakula mbwa.

"Karibu, shemeji."

"Hujibu?"

"Karibu chai."

Alinitazama muda mrefu. "Hata wewe," akasema taratibu. Akakaa, akanywa chai yangu, akasema ni maji ya kuoshea masufuria, kisha akauliza, "Nguo zake ziko wapi?"

Sikuuliza za nini. Niliingia chumbani nikatoa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, kitenge, na kitambaa cha kichwa. Gaudensia alivaa vyote juu ya nguo zake. Sweta halikufunga. Kitambaa alikifunga, kisha kwa kidole kimoja akakisogeza kikaenda upande. Akasimama bila gongo, akashika kiuno, akapita sebuleni kwa mwendo ule wa Leokadia wa kutupa mguu wa kushoto kama anayefukuza kuku.

Kilitoka kifuani mwangu kitu kama kikohozi.

"Bado," akasema. "Hao wa huko nao wamefiwa. Nipe miwani."

Alikaa kwenye kiti cha dirishani. Aliivaa. Taa ikawa ya kijani.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilisimama nikiitazama ile taa. Nilijua ni kwa sababu gani, mtu hai akikaa Kivuli humpisha, hakuna muujiza. Lakini macho hayajui sheria za waendeshaji. Nikavaa ya mgeni nikamfuata.

Kwenye jiwe alikuwa amekaa Leokadia, mwili uleule, sura ileile. Akainuka, akapiga sufuria kwa mwiko mara tatu. Wasafiri wakageuka.

"Nisikilizeni! Mimi ni Leokadia wa Ifunda, mwizi wa mbwa, mlafi wa hadithi! Nani hanijui?"

Sauti ilikuwa yake. Makelele yalikuwa ya Songea.

"Mimi ndiye ninayewapikia maharage haya. Hayajaiva! Na hayataiva! Mnajua kwa nini? Ninapuliza moto kwa kuvuta pumzi ndani!" Akainama akafanya hivyo, mashavu yakabonyea. "Nikiona mlango ninaumwa tumbo. Nikiona lango ninaumwa kichwa. Siku ya harusi yangu padri aliniuliza unakubali, nikamwambia tukae kidogo!"

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Kisha wawili. Bwana Ntahondi alikuwa ameketi juu ya milango yake akijipiga paja.

"Na mume wangu huyu hapa, mgeni asiye na matope. Miaka yote nimekuwa nikijibu matusi kwa niaba yake. Mtu akimtukana, yeye ananitazama mimi, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa! Nikamwambia, Tasilo, nikifa nani atakujibia? Akasema, futa miguu!"

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka kwa sauti, na kilichokuwa kimekwama tangu makaburini kikashuka.

Gaudensia akawageukia wote. Akashusha mwiko.

"Niliogopa mwisho," akasema, sasa bila kelele. "Nikadhani nisipofika, hakuna atakayekufa. Nimekufa mimi, watu wangu. Julai, kwenye kiti, sikuumwa. Nimezikwa Ifunda kwa mama yangu. Anayewapikia sasa si mimi."

Wasafiri wakavua kofia zao, waliokuwa nazo. Bwana Ntahondi alisema, "Tulihisi, Mama. Hatukujua tumuulize nani."

*

Tulipovua, Gaudensia alibaki ameshika miwani mapajani, jasho linamtiririka.

"Nani alikuambia amekufa?" nikamuuliza. "Siku ile Oliva anakupigia."

"Yeye mwenyewe." Akajifuta kwa kitambaa cha Leokadia. "Nilikuwa kitandani na nyonga yangu. Nikavaa nimchokoze kama kila asubuhi. Nikamwambia, we Mhehe, babu yako alipoona mikuki yetu alipanda juu ya mti na bado yuko huko. Akatabasamu. Akasema, 'Asante, Gaudensia.'"

Aliigeuza miwani mapajani.

"Asante! Nikarudia. Nikamtukania babu na bibi. 'Asante, Gaudensia.' Wenye gemu wamekifundisha adabu kile kitu, hakiruhusiwi kutukana mtu. Wao wanaona wamefanya vizuri. Lakini mimi nilijua palepale. Mhehe asiyemjibu Mngoni huyo amekufa. Nikavua, nikafunika uso kwa shuka la hospitali. Oliva aliponipigia nilikuwa nimeshaanza msiba wangu peke yangu."

Nikammiminia chai tena. Nje mtu alikuwa akipasua mbao, msumeno unapanda na kushuka.

"Nisikudanganye, shemeji," akasema. "Na mimi niliendelea kwenda. Nilimzoea hivyohivyo, na adabu yake. Kwa hiyo sikuja kukuhukumu. Nimekuja kwa sababu nilichelewa. Mtani ndiye anayesema marehemu amekufa. Nimesema. Hilo swali lao ni lako."

"Nikisema hapana, sitamwona tena."

"Hutamwona."

"Hata hiyo sura."

"Hata hiyo." Akavua sweta, akalikunja vizuri kuliko nilivyotegemea. "Lakini yeye alikuwa akivua miwani ili wenzake wapite. Sasa hana mikono ya kuvulia."

*

Nilivaa ya mgeni baada ya chakula cha mchana. Gaudensia alitoka nje, akasema anakwenda kuwaomba radhi mbwa.

Kivuli kilikuwa kimerudi kwenye jiwe. Hakikujua lolote lililotokea.

"Baba Oliva! Umekuja na matope. Futa miguu."

Nikafuta. Nikakaa karibu kuliko siku zote.

"Mama Oliva, ukiulizwa kama unarudi, utasemaje?"

Kikafikiri. Leokadia akifikiri alikuwa akiuma ndani ya shavu. Nacho kiliuma ndani ya shavu.

"Nirudi kutoka wapi?" kikasema. "Mimi niko hapa. Sufuria iko motoni."

"Wenzako wanataka kupita."

"Tukae kidogo. Maharage hayajaiva."

Nilikaa nacho kidogo, kama kilivyoomba. Jua la mle ndani lilikuwa zuri, limeegemea upande wa mlima. Nilitazama mikono yake, namna anavyoshika mwiko karibu na kichwa badala ya mkiani, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha na ambalo sikuwahi kumwambia kuwa ninalipenda. Nikamwambia sasa.

"Onja chumvi," kikasema.

Nikaonja. "Imekolea, mama."

Swali lilikuwa linaning'inia mbele ya macho yangu. *Je, Leokadia anarudi?* Nikabonyeza Hapana.

Hakikufifia, wala hakikuniaga. Kilikuwepo, kisha palikuwa na jiwe alilokuwa amekalia, na mwiko umelala juu ya jiwe. Bwana Ntahondi alikuja, akaiinua sufuria kutoka motoni, akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa kukubali. Msafara mzima ukaanza kusema, mmoja baada ya mwingine mpaka nyuma kabisa, "Twende. Twende." Milango ikapanda mabegani, kuku wakalia. Mimi niliwasindikiza mpaka karibu na lango, na kabla sijaona kilichoko ng'ambo, nilivua.

Miwani ya Leokadia iko kwenye msumari wake. Haina taa yoyote.

Gaudensia amerudi Songea na sweta la kijani, ni haki yake. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya misa na kunitukana mimi na ukoo wangu wote. Ninamjibu.